Maswali ya Wasomaji: Kupima na Kurekebisha Bayasi ya Amplifaya

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinahusu bayasi, yaani volteji inayoiamsha amplifaya kidogo hata muziki usipokuwepo, na karibu zote zinaomba namba: niweke milivolti ngapi? Naelewa haja hiyo, lakini namba peke yake haimsaidii mtu. Kabla ya kuitaja ni lazima tujue imepimwa juu ya rizista ipi, yenye omu ngapi, na amplifaya ilikuwa na joto gani wakati huo. Nimeanza na barua iliyoeleza tatizo lake kwa ukamilifu zaidi, na jibu lake limekuwa refu kuliko mengine.

SWALI: Shikamoo, Fundi. Baba yangu aliniachia amplifaya ya transista yenye umri wa zaidi ya miaka 30. Nikiifungulia sauti kubwa inapendeza, lakini usiku ninapoipunguza, kinanda na sauti za waimbaji huwa na mkwaruzo mwembamba, hasa katika chaneli ya kushoto. Kitabu chake cha ufundi kinaagiza milivolti 10 kati ya pini mbili za kupimia katika kila chaneli. Nimepima na kukuta 3.1 kushoto na 24 kulia. Milivolti hizi zinapima nini hasa, na nitazirekebishaje bila kuiunguza mali ya marehemu?

JIBU: Marahaba, ndugu msomaji. Mwishoni mwa saketi ya amplifaya kama yako, kila chaneli ina transista mbili zinazopokezana kazi: moja husukuma nusu ya juu ya wimbi la sauti, na nyingine huvuta nusu ya chini. Transista ya aina hiyo haianzi kupitisha umeme wa maana mpaka volteji kati ya besi na emita, miguu miwili kati ya mitatu yake, ikaribie volti 0.6. Kwa hiyo, zikiachwa hivi hivi, wimbi linapovuka sifuri zote mbili huwa zimelala kwa muda mfupi sana, na wimbi hubaki na kovu mahali hapo. Bayasi ni volteji ya kudumu inayowekwa kati ya besi za transista hizo mbili ili ziwe zimeamka kidogo hata muziki usipokuwepo, na umeme mdogo unaopita ndani yake wakati huo wa ukimya ndio tunaouita mkondo wa utulivu.

Hapo ndipo ilipo sababu ya mkwaruzo wako kusikika usiku. Kovu la kuvuka sifuri halikui pamoja na sauti. Ukubwa wake ni karibu ule ule kila wakati. Sauti ikiwa kubwa, kovu hilo ni sehemu ndogo mno ya wimbi na sikio hulisamehe. Sauti ikipungua, wimbi linakuwa dogo huku kovu likibaki palepale, na sehemu yake ndani ya muziki inaongezeka. Ulichokieleza katika chaneli ya kushoto kinafanana kabisa na bayasi iliyoshuka.

Sasa tuje kwenye milivolti zako. Mkondo wa utulivu hatuupimi kwa kukata waya, kwa sababu kila transista ya mwisho tayari ina rizista nene ndogo kwenye emita yake, mara nyingi ya omu 0.22, 0.33 au 0.47. Tunapima volteji juu ya rizista hiyo na kuigawa kwa omu zake. Katika amplifaya nyingi pini mbili za kupimia zimeunganishwa na ncha za nje za rizista zote mbili, ya juu na ya chini, na kwa hiyo unapima jumla yake. Tuseme kila moja ni ya omu 0.22, jumla omu 0.44. Milivolti 10 zinazotakiwa zitakuwa takriban miliampea 23. Chaneli yako ya kushoto, yenye milivolti 3.1, inapata miliampea 7 tu, ilhali ya kulia inakula karibu miliampea 55. Soma rangi au maandishi ya rizista zako mwenyewe na ufuatilie njia za shaba kwenye bodi kabla ya kufanya hesabu hii, kwa maana mtu aliyepima rizista moja akidhani amepima mbili ataweka bayasi maradufu ya iliyokusudiwa.

Kabla ya kuwasha, toa nyaya za spika, chomoa vifaa vyote vya kuingizia sauti, na punguza sauti mpaka mwisho. Kwenye mita yako ya umeme (multimita) chagua kipimo cha milivolti 200 za mkondo mnyoofu (DC), kinachosoma sehemu ya kumi ya milivolti. Zima amplifaya, ichomoe ukutani, kisha ushikize nyaya za mita kwenye pini kwa vibanio vidogo. Usishike ncha za mita kwa mkono huku amplifaya ikiwa imewaka: ncha ikiteleza kwa milimita moja ikagusisha besi na kolekta, mguu wa tatu, transista hufa kabla hujasikia chochote. Kumbuka pia kwamba pini hizo hazijaunganishwa na chesisi, yaani fremu ya chuma. Mita ya betri haina shida na hilo, lakini osiloskopu (kifaa kinachoonyesha wimbi kwenye skrini) inayotumia umeme wa ukutani huwa na kibanio kilichofungwa kwenye waya wa ardhi, na ukikibana hapo umetengeneza shoti. Upande wa transfoma na swichi una umeme wa ukutani, na kapasita kubwa, zinazohifadhi umeme, hubaki na chaji baada ya kuzima. Fanya kazi kwa mkono mmoja, vua pete na saa.

Washa, subiri. Kama kitabu kinataja dakika, fuata dakika hizo. Kama hakitaji, nusu saa inatosha kwa amplifaya nyingi. Utaona usomaji ukitembea taratibu dakika za mwanzo, kisha ukipunguza mwendo mpaka ubadilike kwa sehemu chache tu za milivolti. Namba ya dakika ya kwanza haifai kurekebishiwa chochote.

Kinachofuata ni kipande kidogo ambacho kimeua amplifaya nyingi kuliko muziki wa sauti kubwa: potenshomita ya kurekebishia bayasi. Za zamani ziko wazi, zina njia nyembamba ya kaboni na ulimi mdogo wa chuma unaopita juu yake. Baada ya miaka mingi ulimi huo umekaa mahali pamoja, vumbi na kutu vimejenga pembeni mwake, na unapousogeza kwa mara ya kwanza unaweza kuachana na kaboni kwa sekunde moja. Katika saketi nyingi kuachana huko kunapandisha bayasi hadi juu kabisa. Niliwahi kuipata hasara hiyo mikononi mwangu. Mita ilikuwa inasoma milivolti 12, nikagusa potenshomita kwa bisibisi bila hata kuizungusha, na kabla sijanyanyua mkono mita ilikuwa imezidiwa na fyuzi zote mbili za chaneli hiyo zimekatika. Nilipofungua, transista zote mbili za mwisho zilikuwa zimeungua. Tangu siku hiyo sirekebishi potenshomita ya wazi yenye umri kama wa yako, naibadilisha. Nakushauri ufanye vivyo hivyo, tena uweke ile iliyofungwa, ya kuzungusha mizunguko mingi.

Ukiamua kuibadilisha, pima kwanza omu za ile ya zamani kati ya ulimi na kila ncha, amplifaya ikiwa imezimwa na kapasita zimeisha chaji, uziandike, na uweke alama ya kalamu mahali ulimi ulipo. Ile mpya iweke upande wa bayasi ndogo kabisa. Upande huo ni upi? Inategemea saketi. Katika nyingine ni omu nyingi na katika nyingine ni omu chache, kwa hiyo angalia mchoro na usiamini kwamba kuzungusha kulia ni kuongeza. Washa mara ya kwanza kupitia balbu ya nyuzi ya wati 60 au 100 iliyounganishwa kwa mfuatano na waya wa umeme. Balbu ikiwaka kidogo wakati kapasita zinajaa kisha ikafifia, hali ni njema. Ikibaki inang'aa, zima mara moja, kuna kitu kinavuta umeme kupita kiasi. Balbu ya LED haifanyi kazi hii. Na usiache balbu hiyo hapo wakati wa marekebisho ya mwisho, kwa sababu inapunguza volteji inayofika kwenye transfoma na bayasi utakayoweka itakuwa ya uongo.

Zungusha kidogo, ngoja, zungusha tena. Rekebisha chaneli ya kulia ishuke kwanza, halafu uipandishe ya kushoto, kisha urudi kulia, kwa maana mara nyingi chaneli zote mbili hushiriki bamba moja la kupozea na joto la moja huisogeza nyingine. Ikifika kati ya milivolti 9 na 11 na ikatulia, acha. Kuhangaikia sehemu ya kumi ya mwisho hakuna sikio litakalokulipa.

Endapo mkwaruzo utabaki baada ya bayasi kukaa sawa, usiendelee kuiongeza. Angalia rilei ya spika, ile swichi ya umeme inayoiunganisha spika na amplifaya. Migusano yake ikiingia kutu husababisha mkwaruzo wa aina hiyo hiyo, sauti ikiwa ndogo, mara nyingi katika chaneli moja, na huondoka kwa muda ukifungulia sauti kubwa. Mafundi wengi wamelaumu bayasi kwa kosa la rilei.

SWALI: Nimeweka milivolti 15 kwa uangalifu, kifuniko kikiwa wazi. Nilipokifunga na kupima tena baada ya saa moja, nilikuta 21. Je, potenshomita yangu ni mbovu?

JIBU: Huenda ni nzima kabisa. Volteji ambayo transista inaihitaji kati ya besi na emita hupungua kwa takriban milivolti 2 kila joto linapoongezeka kwa nyuzi 1 ya Selsiasi. Ukiwa umeweka volteji ya bayasi isiyobadilika, transista iliyopata joto itapitisha mkondo mkubwa zaidi, mkondo huo utaongeza joto, na joto litaongeza mkondo. Mzunguko huo usipozuiwa huishia kwenye moshi. Kinachouzuia ni transista ndogo iliyofungwa kwenye bamba la kupozea au juu ya transista kubwa yenyewe. Kazi yake ni kuhisi joto na kuipunguza bayasi kadiri wenzake wanavyopata moto.

Kifuniko kikifungwa hewa moto hubaki ndani, na kupanda kidogo ni jambo la kawaida. Kutoka 15 hadi 21 ni kwingi kiasi cha kunifanya niitazame transista hiyo ya kuhisi. Je, skrubu yake imelegea? Je, mafuta meupe ya kupitishia joto yamekauka yakawa unga? Mara nyingi fundi aliyetangulia huibadilisha transista kubwa, akasahau kuirudisha ndogo mahali pake, ikabaki ikining'inia hewani ambako haihisi chochote. Ifunge vizuri, weka mafuta mapya kidogo tu, kisha upime kifuniko kikiwa kimeegeshwa mahali pake na nyaya nyembamba za mita zikipita pembeni. Jambo la kuangalia ni kama usomaji unapanda na kutulia, au unapanda bila kusimama. Ukitulia, amplifaya inajitawala. Usiposimama, izime.

SWALI: Kama bayasi ndogo inaleta mkwaruzo, je, nikiiongeza mara tano au mara kumi amplifaya yangu ya wati 50 haitakuwa ya daraja A, ambamo transista zote mbili hazilali kamwe, na kutoa sauti safi zaidi?

JIBU: Nalijua tamaa hilo, na nakuomba uliache. Tufanye hesabu. Wati 50 katika spika ya omu 8 zinahitaji mkondo wa kilele wa takriban ampea 3.5. Ili transista zote mbili zisilale hata kidogo mpaka hapo, mkondo wa utulivu unatakiwa uwe nusu yake, karibu ampea 1.8. Kwa volteji ya volti 35 juu na 35 chini ya sifuri, hizo ni zaidi ya wati 120 za joto kwa kila chaneli, usiku kucha, hata pasipo na muziki. Bamba la kupozea, transfoma na kapasita za amplifaya yako hazikutengenezwa kwa mzigo huo.

Na ukiongeza kwa kiasi cha kati, hupati nusu ya manufaa. Mwaka 1971 Bernard M. Oliver wa kampuni ya Hewlett-Packard alionyesha kwamba katika hatua ya mwisho ya transista mbili za kupokezana makabidhiano huwa laini zaidi pale volteji juu ya kila rizista ya emita inapokuwa karibu milivolti 26. Kiutendaji hupungua kidogo, kwa sababu transista nayo ina ukinzani wake wa ndani. Chini ya hapo kunakuwa na kovu nililolieleza. Juu ya hapo kunazuka kasoro nyingine: karibu na sifuri transista zote mbili hufanya kazi pamoja na nguvu yao huongezeka, kisha moja inapoachia hupungua ghafla, na wimbi hupinda mahali hapo. Bayasi iliyozidi ina upotoshaji wake, na joto juu yake. Watengenezaji wengi huweka chini ya milivolti 26 kwa ajili ya usalama wa joto. Mimi hufuata kitabu cha ufundi, na nikikosa kitabu huanzia chini na kuongeza huku nikiligusa bamba.

SWALI: Amplifaya yangu ni ya valvu (zile chupa za kioo zinazofanya kazi ya transista), inatumia valvu mbili aina ya EL34 kwa kila chaneli, na ina rizista ya omu 1 kwenye kila kathodi, ncha inayotoa elektroni. Volteji ya anodi, bati linalozipokea, ni 450. Nimenunua valvu mpya. Je, nitoe spika kama mnavyoshauri, na niweke milivolti ngapi?

JIBU: Spika usizitoe. Hapa valvu na transista zinatofautiana kabisa. Amplifaya ya valvu ina transfoma ya kutolea sauti, na ikifanya kazi bila mzigo, ishara yoyote ikiingia, transfoma hiyo inaweza kuzaa volteji kubwa kiasi cha kutoboa insulesheni yake. Acha spika, au weka rizista kubwa ya omu 8 inayostahimili wati za kutosha.

Kwa rizista ya omu 1, milivolti 1 ni miliampea 1, na hiyo ndiyo raha yake. EL34 inaruhusiwa kupoteza wati 25 kwenye anodi. Katika daraja AB, ambamo valvu mbili hupokezana kazi lakini zote huwa zimeamka kidogo wakati wa ukimya, desturi ni kutovuka asilimia 70 ya kiwango hicho wakati wa ukimya, ambayo ni wati 17.5. Ukizigawa kwa volti 450 unapata takriban miliampea 39. Mkondo wa kathodi, hata hivyo, unabeba pia mkondo wa gridi ya pili (wavu wa waya ulio kati ya kathodi na anodi), miliampea chache, kwa hiyo usomaji wa milivolti 43 au 44 ndio mpaka. Ni mpaka, kukaa kwenye 35 hakuna ubaya, na valvu zitadumu zaidi. Anza na bayasi yenye hasi kubwa kabisa, kwa sababu katika valvu kadiri gridi ya kwanza, inayodhibiti mkondo, inavyozidi kuwa hasi ndivyo mkondo unavyopungua. Ukishaongeza mkondo volteji ya anodi itashuka kidogo, kwa hiyo pima upya na urudie hesabu.

Zima taa ya chumba kwa dakika moja uzitazame. Wekundu wa machungwa katikati, kwenye hita, ni wa kawaida. Wekundu hafifu unaotanda kwenye bati la kijivu la nje ni anodi inayoungua: zima papo hapo, kwa maana valvu hiyo imekosa bayasi. Na tafadhali, volti 450 zinaua. Kama hujawahi kuzifanyia kazi, kaa na aliyezizoea kwa mara ya kwanza. Ikiwa mtu anasoma hapa na amplifaya yake ni ya rizista kubwa ya kathodi isiyo na marekebisho, hiyo hujirekebisha yenyewe kwa kiasi kikubwa. Abadilishe valvu kwa jozi zinazolingana.

SWALI: Nimepima kwenye matundu ya spika nikakuta milivolti 35. Je, hiyo ndiyo bayasi?

JIBU: Hapana. Hiyo ni volteji ya mkondo mnyoofu inayovuja kwenda kwenye spika, na inayotakiwa iwe karibu na sifuri. Milivolti 35 hazidhuru, na wengi wetu huanza kutafuta kosa zikivuka 50. Baadhi ya amplifaya zina potenshomita ya pili kwa ajili yake, iliyo karibu na ile ya bayasi na inayofanana nayo kwa sura, ndiyo maana watu huzichanganya. Soma maandishi kwenye bodi mara mbili kabla ya kuweka bisibisi. Amplifaya ikiwa nazo zote mbili, baada ya kurekebisha bayasi rudi upime hapo kwenye spika tena.

SWALI: Nimefungua amplifaya yangu yote na sioni potenshomita yoyote ya bayasi. Nimekosea wapi?

JIBU: Hujakosea. Ikiwa hatua ya mwisho ni chipu moja nene iliyofungwa kwenye bamba la kupozea, kama vile LM3886 au TDA7294, bayasi imepangwa ndani ya chipu kiwandani na huwezi kuifikia. Ikiwa ni ya daraja D, transista zake huwaka na kuzima kabisa mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde, na hakuna mkondo wa utulivu wa kurekebisha kwa maana tuliyoizungumza hapa. Na ikiwa ni ya transista za kawaida lakini mtengenezaji ameweka rizista ya kudumu mahali pa potenshomita, unaweza bado kupima juu ya rizista za emita na kulinganisha chaneli mbili. Zikikaribiana, rudisha skrubu zako.